Anayeanza Kiayalandi aanzie wapi: kwa watawa wa kale au kwa watu wa Connemara, magharibi mwa Ayalandi, wanaokizungumza leo?

Katika karne ya 9 mtawa mmoja wa Kiayalandi aliyekuwa bara Ulaya, mbali na kwao, aliandika daftarini shairi kuhusu paka wake. Paka anawinda panya, yeye anawinda maana ya maneno, na hakuna anayemkera mwenzake. Shairi linaanza: Messe ocus Pangur Bán. Mtu aliyejifunza Kiayalandi cha leo kwa mwezi mmoja tu ataona nuru hapo, kwa maana mise ni mimi, agus ni na, na bán ni -eupe. Miaka zaidi ya 1,100 imepita na bado anasikia. Kisha anafika maneno yanayofuata, cechtar nathar fria saindán, na mlango unafungwa.

Hapo ndipo penye mabishano. Wapo wanaosema: kama kilichokuvuta ni fasihi, nenda moja kwa moja kwenye Kiayalandi cha Kale, lugha ya takriban mwaka 600 hadi 900. Hoja hiyo ina uzito. Fasihi yake ni miongoni mwa kongwe zaidi Ulaya, ukiacha ya Kilatini na Kigiriki. Watawa waliosoma vitabu vya Kilatini waliandika maelezo kwa lugha yao wenyewe pembeni na katikati ya mistari, na vitabu hivyo vingalipo Würzburg, Milano na St. Gallen. Ni kwa maelezo hayo Mjerumani Johann Kaspar Zeuss aliweza kuijenga upya sarufi ya Kiayalandi cha Kale na kuichapisha mwaka 1853. Halafu kuna Táin Bó Cúailnge, kisa cha vita vya kumpora fahali, ambamo kijana Cú Chulainn analikinga jimbo la Ulster peke yake mbele ya jeshi la malkia Medb. Sehemu zake zimo katika Lebor na hUidre, kitabu cha ngozi kilichoandikwa karibu mwaka 1100.

Msemaji wa Kiswahili ana sababu yake ya ziada ya kuvutiwa. Katika Kiayalandi cha Kale, mtendwa hupachikwa ndani ya kitenzi, kama tunavyopachika -ku- katika nitakuona. Jambo hilo huwatoa jasho Wazungu wengi. Kwetu ni la kila siku. Kiayalandi cha leo kimeliacha.

Hata hivyo, siwezi kumshauri anayeanza apite njia hiyo. Vitenzi vya kale hubadilika umbo kiasi kwamba maumbo ya neno moja huonekana kama maneno mawili tofauti, na hakuna mtu wa kukusahihisha unapokosea ukiwa unaongea, kwa sababu hakuna anayekiongea. Hata mgeni wa Kiswahili hatumwanzishi kwa Al-Inkishafi, ambayo ina miaka 200 hivi tu.

Tena kuna suala la haki. Kiayalandi hakikufifia chenyewe. Shule za taifa zilizoanzishwa mwaka 1831 zilifundisha kwa Kiingereza, na watoto wengi walivishwa bata scóir, kijiti kilichochongwa alama kila mtoto alipotamka neno la Kiayalandi, ili apigwe kwa hesabu hiyo. Waliosoma Kenya wakavishwa diski kwa kosa la kusema lugha ya mama hawahitaji kuelezwa zaidi. Ikaja njaa kuu ya 1845 hadi 1852: watu takriban milioni moja walikufa, milioni nyingine wakahama, na maeneo ya magharibi yaliyosema Kiayalandi ndiyo yaliyoumia zaidi. Katika sensa ya 2022 ya Jamhuri ya Ayalandi, watu karibu 1,874,000 walisema wanakiweza. Wanaokizungumza kila siku nje ya masomo hawakufika 72,000. Anayejifunza kana kwamba lugha hii ni kitu cha makumbusho anawapita hao 72,000 bila kuwasalimu. Na salamu yao ni nzuri: Dia duit, Mungu awe nawe, unajibiwa Dia is Muire duit, Mungu na Mariamu wawe nawe.

Basi aanze na ya leo, na achague lahaja mapema. Kuna sanifu, An Caighdeán Oifigiúil, iliyotolewa mwaka 1958, lakini ni kipimo cha maandishi hasa. Kuuliza “hujambo” ni Conas taoi? huko Munster (kusini), Cén chaoi a bhfuil tú? Connacht (magharibi), na Cad é mar atá tú? Ulster (kaskazini). Akichanganya zote tatu ataeleweka, ila atakawia kupata sikio.

Ninapokubaliana na watu wa fasihi ni hapa: historia asiiahirishe. Kinachowakimbiza wanafunzi ni neno kubadilika mwanzoni. Paka ni cat, lakini paka watatu ni trí chat na paka saba ni seacht gcat. Ukikariri orodha utachoka. Ukiangalia nyuma utaona kwamba saba, tisa na kumi ziliwahi kuishia kwa sauti ya puani, kama Kilatini septem, novem, decem. Sauti hiyo ilidondoka, lakini kabla ya kuondoka iliishika konsonanti iliyofuata na kuigeuza. Sisi tunaujua mchezo huo: ulimi unakuwa ndimi, kwa sababu n imeigusa l ikawa d.

Ushahidi mwingine umechongwa kwenye mawe. Kuanzia karne ya 4 Waayalandi waliandika kwa ogham, mistari iliyokatwa ukingoni mwa jiwe, na mawe takriban 400 yamebaki, mengi yakiwa kusini, Kerry na Cork. Mengi hutaja tu fulani mwana wa fulani, na neno la “mwana” huwa MAQI, yaani katika umbo la “wa mwana”. Leo mwana ni mac, na “wa mwana” ni mic. Ile i ya mwisho haitamkwi tena mahali pake. Imehamia katikati ya neno, na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huitamka bila kujua ilikotoka.