Korosho zetu zinaondoka na maganda kwa sababu fedha yetu ni ghali

Kila msimu wa korosho unapofunguliwa Oktoba, kauli hurudi ileile: tuache kuuza ghafi, tubangue wenyewe, tuongeze thamani. Lengo hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Ninachokataa ni maelezo yanayoambatana nalo, kwamba kusini mwa Tanzania tumekwama kwa kukosa mashine au ujuzi. Mashine zinauzwa kwa yeyote mwenye fedha, na kubangua watu wa Mtwara na Lindi wanajua tangu viwanda vya miaka ya 1970. Tunapopigwa ni kwenye riba.

Tuchukue kiwanda cha wastani kinachobangua tani 5,000 za korosho ghafi kwa mwaka. Mavuno yetu huingia sokoni kuanzia Oktoba, na ikifika Januari au Februari minada imekwisha. Kwa hiyo mwenye kiwanda lazima anunue shehena ya mwaka mzima ndani ya miezi mitatu au minne, kisha aibangue kidogo kidogo. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa kilo, anahitaji shilingi bilioni 15 taslimu kabla hajauza boksi moja. Shehena ikipungua taratibu hadi msimu ujao, wastani wa deni lake ni bilioni 7.5. Benki zetu hukopesha kwa takriban asilimia 15, kwa hiyo riba peke yake ni bilioni 1.125. Kila tani 100 za ghafi hutoa kama tani 23 za korosho karanga, yaani viini vilivyobanguliwa, hivyo kiwanda hiki kinapata tani 1,150. Gawanya: kila kilo ya karanga imeshabeba shilingi 978 za riba kabla ya mshahara, umeme na vifungashio. Mshindani anayekopa kwa asilimia 5 anabeba shilingi 326. Pengo la shilingi 652 kwa kilo haliwezi kuzibwa kwa kuwahimiza wafanyakazi waongeze kasi.

Na hesabu hiyo bado inampendelea mbanguaji wetu. Mnunuzi kutoka Vietnam halazimiki kushika mzigo wa mwaka. Anakuja Mtwara wakati mavuno ya kwao na ya India hayajaanza, na viwanda vya huko vina njaa ya ghafi. Ndiyo maana bei yetu huchangamka, na mkulima anastahili kila senti yake. Baada ya hapo mnunuzi huyo anageukia Afrika Magharibi na Kambodia, ambako mavuno hufuata. Mtaji uleule unazunguka mara kadhaa kwa mwaka, wakati wa mbanguaji wa Masasi umelala ghalani. Vietnam ilishika nafasi ya kwanza duniani katika kuuza korosho karanga mwaka 2006, na leo sehemu kubwa ya inachobangua haikuoteshwa kwao.

Ugonjwa huohuo unamkuta mkulima kwa upande wake. Kati ya Mei na Agosti anahitaji fedha za kupalilia, za salfa dhidi ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho), za chakula na za shule. Mavuno bado yapo mtini. Hapo ndipo kangomba hupata nafasi: mfanyabiashara anatoa fedha leo, naye mkulima anaahidi kulipa kwa korosho msimu ukifika. Akichukua shilingi 1,500 Julai kwa kilo ambayo Novemba ingemlipa 3,000, amekopa kwa riba ya asilimia 100 kwa miezi minne. Kangomba ni haramu na wapo waliokamatwa, lakini polisi hawawezi kufuta shida ya Julai. Chama cha msingi cha ushirika chenye mkopo mdogo wa pembejeo kingeweza.

Viwanda vyenyewe vina historia inayofaa kukumbukwa kwa usahihi. Uzalishaji ulifika tani 145,000 msimu wa 1973/74. Serikali, kwa mikopo ikiwemo ya Benki ya Dunia, ikajenga viwanda vikubwa kwa teknolojia ya Italia na Japani. Vilipokuwa tayari, korosho zilikuwa zimepungua: watu walihamishiwa vijiji vya Ujamaa wakaacha mashamba mbali, bei ya mkulima ilikandamizwa, na ubwiriunga ukaenea. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalishuka chini ya tani 20,000. Mashine zilikaa bila kazi, deni halikukaa. Vingi vya viwanda hivyo baadaye vikauzwa, na vingine vikageuka maghala ya kuhifadhia ghafi inayosubiri meli.

Wengine hudhani Ulaya na Marekani ndizo zinazotuzuia kwa ushuru. Kwa korosho si hivyo. Kwa kawaida korosho karanga huingia huko bila ushuru. Ukuta mkubwa uko India, iliyopandisha ushuru wake wa kawaida wa korosho karanga hadi asilimia 70 mwaka 2019, huku ghafi ikitozwa asilimia 2.5. Nchi inayotaka kazi ibaki kwake inafanya hivyo waziwazi. Msumbiji, kwa upande mwingine, ilisukumwa na Benki ya Dunia katikati ya miaka ya 1990 kupunguza kodi yake ya kusafirisha ghafi. Maelfu ya wafanyakazi wa viwandani walipoteza kazi, na wachumi McMillan, Rodrik na Welch walikadiria kuwa familia ya wastani ya mkulima haikupata nyongeza ya zaidi ya dola 5.30 kwa mwaka.

Hata hivyo siungi mkono kupiga marufuku ghafi. Marufuku kabla viwanda havijapata mtaji humuacha mkulima na mnunuzi mmoja, na mnunuzi mmoja hupanga bei.

Kinachowezekana kesho asubuhi ni kuutumia mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani hati ya mzigo uliohifadhiwa ghalani, kama dhamana ya mbanguaji. Mzigo unabaki ghalani chini ya mwendesha ghala, benki inashika stakabadhi, kiwanda kinaweka asilimia 25 ya thamani, na kila kinapolipa fungu kinapewa tani zake. Benki haihitaji nyumba ya mtu wala shamba.

Kikwazo ni ubora, na hapa lazima tuwe wakali. Korosho zikiingia na unyevu unaozidi asilimia 10 zinaota ukungu, na dhamana inaoza huku karatasi ikionyesha kilo zilezile. Kwa hiyo kipimo cha mavuno ya kiini kifanyike wakati wa kuingia na kila mwezi baadaye. Si kigumu: chukua sampuli sehemu mbalimbali za mzigo, changanya, pima kilo moja, hesabu punje, kisha kata moja moja. Tenga viini vizuri, vilivyosinyaa au vyenye madoa, na vilivyooza au vitupu. Pima gramu za vizuri, ongeza nusu ya uzito wa kundi la pili, halafu zidisha kwa 0.17637. Ukipata gramu 285, ni ratili 50.3 kwa gunia la kilo 80, mzigo unaokubalika sokoni. Ikishuka hadi 46 mwezi wa tano, benki ijue mapema na kiwanda kibangue fungu hilo kwanza. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, na ghala lipitishe hewa.

Hatari inayobaki, ya bei ya dunia kuanguka, ibebwe kwa sehemu na tozo ya kusafirisha ghafi, ambayo ilipangwa kuwa asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, yoyote iliyo kubwa. Wabunge wa kusini walipoipigania Juni 2018, hoja ilikuwa fedha zake zigharimie pembejeo za wakulima, nayo ilikuwa hoja ya haki. Ningependa fungu la pili la tozo hiyo: mfuko wa kudhamini mikopo ya wabanguaji na ya vyama vya msingi, utakaoshusha riba yao hadi tarakimu moja, na hesabu zake zibandikwe kila robo mwaka kwenye ofisi za vyama.