Lisbon: anza na dhahabu ya Kilwa, Belém isubiri

Kila anayeniuliza habari za Lisbon, mji mkuu wa Ureno, huwa tayari ana orodha mkononi. Tramu namba 28, mnara wa Belém, ule mtaa wa kando ya mto, kile kitobosha cha mayai kiitwacho pastel de nata kinachosifiwa dunia nzima, picha ya machweo juu ya kilima. Siku tatu, kisha Barcelona. Simlaumu. Hata mimi nilikwenda na orodha hiyo hiyo, nikaimaliza kwa siku mbili, na usiku wa pili nimekaa kitandani miguu imevimba najiuliza nimeona nini. Siku ya tatu mvua ikanyesha, nikakimbilia makumbusho kujistiri. Mvua ile ndiyo iliyonifungulia mji.

Kwa hiyo mtu wa pwani yetu akinitaka ushauri namwambia aipindue orodha. Aanze na Museu Nacional de Arte Antiga, katika mtaa wa Janelas Verdes, yaani Madirisha ya Kijani. Ni jumba la manjano lenye bustani inayotazama mto Tejo, na watalii wake ni wachache ukilinganisha na kwingine. Humo ndani, ndani ya sanduku la kioo, kuna chombo kinachoitwa Custódia de Belém. Wakatoliki wanakijua chombo cha aina hii, monstransi, ambamo huwekwa hostia, yaani mkate mtakatifu, ili waumini waiabudu. Hiki ni cha dhahabu na rangi za enameli, urefu haufiki mita. Katikati mitume 12 wamepiga magoti, juu yao njiwa mweupe, na kwenye kitako kuna maua, ndege na makombe madogo madogo, kila kimoja kimefanywa kwa subira ya ajabu. Sonara wake anatajwa kuwa Gil Vicente.

Sasa inama. Kuuzunguka mguu wa chombo kuna maandishi, na kwa tahajia yao ya kale yanasema kwamba mfalme Dom Manuel wa Ureno aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi za Kilwa, kikamalizika mwaka 1506.

Kilwa. Kilwa hii yetu, ya Kisiwani, ya msikiti mkuu na jumba la kale la Husuni Kubwa. Nilisimama pale hadi mlinzi akaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Shuleni tulisomeshwa kwamba Wareno walikuja, wakatoza kodi, wakaondoka, na tukaandika hivyo kwenye mtihani. Hakuna aliyetuambia kwamba kodi yenyewe bado ipo, inang'aa, na unaweza kwenda kuitazama. Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamtisha mtawala wake mpaka akakubali kulipa dhahabu kila mwaka. Dhahabu hiyo ilitoka bara, ikashuka bandari ya Sofala, na Kilwa ndiyo iliyokuwa imekalia biashara yake. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akaja na jeshi, akaivamia Kilwa, kisha akapanda kaskazini akaichoma Mombasa. Mwaka uliofuata sonara akamaliza kazi yake.

Ukishaiona hiyo, Lisbon yote inabadilika. Ndiyo sababu nasema Belém isubiri. Ukianza na Belém utaona mawe mazuri tu.

Toka makumbusho, usipande chochote, tembea kuelekea katikati ya mji. Si mbali kwa miguu utafika Rua do Poço dos Negros. Siku hizi ni mtaa wa mikahawa midogo, vijana na kompyuta zao, kahawa ya bei. Jina lake maana yake ni Shimo la Weusi. Mwaka 1515 mfalme aliagiza lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa waliokuwa wakiachwa bila kuzikwa, na chokaa imwagwe juu yake. Mfalme gani? Dom Manuel huyo huyo. Hakuna foleni hapo, hakuna tiketi. Mimi nilikuta kibao cha jina la mtaa na mtu anaegesha pikipiki.

Endelea mpaka uwanja wa Rossio, kwenye kanisa la São Domingos. Moto uliliunguza mwaka 1959 na ndani wakaziacha nguzo zilivyopasuka na kubanduka, halafu wakaweka dari jipya jekundu. Ni kanisa linalonitisha kuliko yote niliyowahi kuingia. Aprili 1506, hapa ndipo yalipoanza mauaji ya Wayahudi waliokuwa wamebatizwa kwa nguvu. Yalidumu siku kadhaa, na waliokufa walikuwa wengi. Mfalme hakuwa mjini, na baadaye aliwaadhibu viongozi wa ghasia, tumpe haki yake. Lakini utaona mwaka: ni ule ule ulioandikwa kwenye dhahabu. Nje ya kanisa, uwanja mdogo huwa umejaa Waafrika, wengi wa Guinea-Bissau, wazee wamekaa, akina mama wanauza njugu na viungo vyao. Pembeni kuna kijiduka cha ginjinha, pombe tamu ya matunda, watu wanainywa wamesimama. Kaa hapo nusu saa. Ni baraza, huhitaji kufasiriwa.

Usiniulize sana kuhusu tramu 28. Ni nzuri, ni ya mbao, inapiga kona kwenye vichochoro ambavyo ungedhani hata mkokoteni haupiti. Lakini ukiipandia kituo cha mwanzo, Martim Moniz, saa nne asubuhi utapanga foleni saa nzima, kisha utasimama umebanwa kama matatu ya jioni, na humo ndimo wachopozi walipo. Mimi nilichopolewa. Si pesa nyingi, euro 30 hivi, ila mfuko wa nyuma ulichanwa kwa ustadi, nisihisi chochote. Mtoto wa Mombasa, niliyekua nikiambiwa nishike mfuko nikipita Marikiti! Ukiitaka lazima, ipande mapema sana, au upande mwisho wa pili kule Campo de Ourique. La sivyo panda kwa miguu, miguu ndiyo usafiri wa Lisbon.

Na ukisema miguu, vaa raba zenye soli inayoshika. Njia zimetandikwa vijiwe vya chokaa vyeupe na vyeusi vilivyopangwa kwa mapambo, na vimesuguliwa na nyayo mpaka vinateleza kama sabuni. Mvua ikinyesha, usithubutu na viatu vya ngozi. Lifti ya Santa Justa, ile ya chuma ya mwaka 1902, ina foleni ndefu chini. Ukipanda mtaa hadi uwanja wa Carmo unafika ubavuni mwake juu bila kulipa. Na pale Carmo kuna kanisa lisilo na dari, lililobomolewa na tetemeko la Novemba 1, 1755. Ilikuwa asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wamo makanisani, mishumaa inawaka. Ardhi ikatikisika, bahari ikapanda, kisha moto ukala kilichobaki. Waziri wa mfalme, Marquês de Pombal, akaujenga upya mji wa chini, ule uitwao Baixa, kwa mitaa iliyonyooka. Ndiyo maana Baixa imenyooka hivyo, ilhali mtaa wa Alfama umejikunja kama Mji wa Kale wa Mombasa.

Alfama ilinusurika. Jina lenyewe ni la Kiarabu, al-hamma, chemchemi za maji ya moto, na mtu anayesema hamamu nyumbani kwake hahitaji kamusi. Ngome ya São Jorge iliyo juu yake ilikuwa ya Waislamu hadi 1147. Ukipita vichochoro vile, nguo zimeanikwa juu ya kichwa chako, kina mama wamekaa vizingitini, harufu ya samaki wa kuchoma, utadhani umetoka Kuze ya Mombasa ukaibukia ng'ambo.

Hapo ndipo nilipoanza mchezo wa maneno, nami nakusihi uucheze. Bandeira ni bendera. Mesa ni meza. Copo ni kopo. Caixa ni kasha. Lenço ni leso, ile aliyojifunga nyanya yako. Parafuso ni parafujo. Nililocheka sana ni igreja. Kila baada ya hatua mia unakuta kibao: Igreja hii, Igreja ile. Maana yake ni kanisa. Sisi tukalifanya gereza, kwa sababu kanisa tuliloliona lilikuwa ndani ya ngome, na ngome baadaye ikafungiwa watu. Fort Jesus ya Mombasa ilikuwa jela hadi miaka ya 1950. Hivyo unatembea mji wa watu unasoma vibao vya kukaribisha waumini, na kichwani mwako kila mlango ni wa jela.

Chakula kwa ufupi. Samaki wao maarufu, bacalhau, ni ng'onda: katiwa chumvi, kakaushwa, harufu ya dukani utaijua kabla hujafika. Mtu wa pwani hatapata shida naye. Asiyekula nguruwe aulize kila mara, maana chouriço, soseji ya nguruwe, huingizwa hata kwenye supu ya mboga, kipande kimoja tu juu na mpishi haoni kama kuna neno. Pia ukikaa mezani wataleta mkate, zeituni na jibini bila kuulizwa. Si ukarimu huo, unalipiwa. Mimi nilikula nikashukuru, na bili ilipokuja nikajifunza. Hutaki, sema hapana, vitaondolewa na hakuna atakayekununia. Halali utaipata kwa wingi karibu na Martim Moniz, kwa Wabangladeshi. Ijumaa nenda Msikiti wa Kati, karibu na Praça de Espanha. Waumini wengi asili yao ni Msumbiji. Mzee mmoja wa kisiwa cha Ibo aliposikia natoka Mombasa alianza kusema nami kwa Kimwani, lugha jamaa ya Kiswahili, na nikamwelewa sehemu kubwa. Alifurahi mpaka akanishika mkono hadi mlangoni.

Mambo ya karatasi: viza ya Schengen iombe mapema, na hoteli zitakutoza kodi ya mji ya euro 4 kwa kila mtu kwa usiku juu ya bei uliyoiona. Makumbusho na majengo mengi hufungwa Jumatatu. Mengine hufungwa miezi kwa ukarabati, kwa hivyo angalia tovuti zao kabla hujakata tiketi ya ndege, hasa kama ni dhahabu ile unayoifuata.

Sasa ndiyo uende Belém. Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500, na sehemu kubwa ya gharama ilitoka kwenye kodi ya biashara ya viungo na bidhaa za Afrika na Mashariki. Nguzo zimechongwa kama kamba za merikebu, kila inchi ina kitu. Nzuri? Nzuri mno, sitasema uongo. Vasco da Gama kalala karibu na mlango wa kanisa, kaburi la mawe, sanamu yake imekunja mikono kwa sala. Dom Manuel yuko mbele, karibu na altare. Watalii wanapiga picha na Vasco. Mimi nilisimama mbele yake nikakumbuka ule mnara wake wa Malindi na watoto wanaouza vinyago chini yake, nikatoka. Kile kitobosha cha mayai kinapikwa jirani tangu 1837 na kinastahili sifa zake. Kula viwili, vya moto, na mdalasini juu.

Na siku ya mwisho, jioni, nenda Cais do Sodré upande feri ya kwenda Cacilhas. Hiyo haimo kwenye orodha za watu wengi, na ni ya bei ya basi. Inachukua kama dakika kumi. Ukiwa katikati ya mto unaliona daraja jekundu, lililofunguliwa mwaka 1966 kwa jina la dikteta Salazar. Baada ya mapinduzi ya Aprili 25, 1974 likapewa jina la siku hiyo. Mapinduzi yale yalifanywa na wanajeshi waliochoshwa na vita vya Afrika, na waliowachosha ni pamoja na FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoundwa Dar es Salaam. Mwaka uliofuata Msumbiji ikawa huru. Geuka nyuma uutazame mji wenyewe, mweupe juu ya vilima vyake, jua linaupaka rangi ya ndizi mbivu.

Nilimpigia mama simu nikiwa humo. Yeye kavuka kwa feri ya Likoni, Mombasa, maisha yake yote, asubuhi kwenda, jioni kurudi.

"Uko wapi, mwanangu? Nasikia injini."

"Niko kwenye feri, mama. Ulaya."

"Foleni ndefu?"

"Hakuna foleni. Na kila mtu kakaa kwenye kiti."

Akanyamaza kidogo. "Basi hiyo si feri," akasema, akaniuliza kama nimekula.