Mwanga si anasa: kwa wenzangu tunaoishi kaskazini

Muulize Mtanzania, Mkenya au Mkongo yeyote huku Sweden pesa yake inakwenda wapi, atakutajia kodi ya nyumba, nauli, chakula, na ile ya kutuma nyumbani. Taa hazitaji. Mimi naishi Umeå, mji wa kaskazini mwa Sweden, na kila ukifika mwezi wa kumi na moja naona matokeo yake: chumba kina balbu moja ya darini, mapazia yamefungwa mchana kutwa, na yule aliyekuwa mcheshi mwezi wa sita hapokei tena simu. Ninachosema ni kwamba huku mwanga ununuliwe kama tunavyonunua unga, na asiyeweza kununua asaidiwe na wenzake bila kuona haya.

Kwetu Tanga hakuna aliyetufundisha jambo hili kwa sababu halikuhitajika. Siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote zinapishana kwa nusu saa na ushei. Jua linachomoza karibu na saa kumi na mbili, linazama karibu na saa kumi na mbili, na saa zetu zote tunazihesabu kutoka hapo. Taabu yetu ilikuwa jua kuzidi. Adhuhuri mama anateremsha mapazia ili sebule ipoe, mlango wa uani unaachwa wazi upepo wa bahari upite. Maisha yenyewe yako nje: barazani, mkekani chini ya mwembe, kijiweni penye kahawa. Ndani ni pa kulala.

Ukija na mazoea hayo Umeå, yanakuumiza. Mwishoni mwa Desemba jua linachomoza baada ya saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa nane mchana, na katika saa hizo nne na nusu halipandi, linatambaa tu juu ya miti upande wa kusini. Anayeswali ndiye anayeujua vizuri ufinyu huo: Adhuhuri inaingia kabla ya saa sita, na saa nane haijagonga Magharibi imeshafika. Jamaa wa nyumbani wakipiga simu huuliza, "Baridi ya huko vipi?" Baridi ina koti na buti. Giza hawaliulizi, nasi hatulisemi.

Wenyeji wanalijua. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Majilio, yale majuma ya kuingojea Krismasi, madirisha mengi yanawekwa nyota ya karatasi yenye taa ndani, au kinara cha umeme chenye taa saba, na tarehe 13 Desemba watoto wanaimba wakiwa wameshika mishumaa kumkumbuka Mtakatifu Lusia. Kinachonigusa ni kwamba taa hizo zinakaa dirishani bila pazia, mpita njia naye azione. Mwaka 2012 kampuni ya umeme ya mji huu ilifunga taa za tiba ya mwanga kwenye vituo kadhaa vya basi, ili anayesubiri basi asubuhi aupate usoni. Na majumbani mwao hawategemei balbu ya darini; utakuta taa ndogo kwenye kona, nyingine juu ya meza, nyingine karibu na kochi. Balbu za LED zinakula umeme kidogo sana. Hofu ya luku, umeme wa kulipia kabla, kuisha tuliyokulia nayo ilikuwa na haki yake kule. Huku inatukalisha gizani bure.

Wapo wanaosema huzuni ya giza ni maradhi ya Wazungu. Norman Rosenthal, daktari ambaye pamoja na wenzake aliyaeleza kitaalamu mwaka 1984, alizaliwa Afrika Kusini. Alipohama Johannesburg kwenda New York ndipo alipogundua kwamba nguvu zake zinapungua kila majira ya baridi. Ni mhamiaji kama sisi, aliyelelewa na jua la Afrika. Dalili za maradhi hayo tunazijua: kulala sana na bado kuchoka, kutamani vya wanga na sukari, kujitenga, kukosa hamu ya chochote. Mtaani kwetu mtu huyo anaitwa mvivu, au anaambiwa imani yake imelegea. Mimi naamini dua, na naamini pia kwamba mwanga unaoingia machoni asubuhi ndio unaoupangia mwili saa zake. Taa ya tiba yenye lux 10,000 (lux ni kipimo cha mwanga), ukikaa mbele yake kama nusu saa asubuhi huku unakunywa chai, imewasaidia wengi. Mwenye maradhi ya macho, au maradhi ya hisia kupanda na kushuka kupita kiasi (bipolar), amwone daktari kwanza. Na ngozi hii nyeusi inayotukinga vyema kule inahitaji jua zaidi ili itengeneze vitamini D, wakati jua la majira ya baridi huku liko chini mno. Kuleni samaki wa mafuta, kunyweni maziwa yaliyoongezwa vitamini hiyo, ulizeni kliniki kuhusu vidonge, na matone ya watoto wachanga msiyakatize.

Linaloniudhi ni ule ushauri wa "toka nje mchana". Mchana wa nani? Wengi wetu tunasafisha ofisi na kuhudumia wazee. Ukiingia kazini saa moja asubuhi na kutoka saa kumi, jua limekuja na kuondoka wewe uko ndani. Mapumziko ya saa sita yawe ya kutoka nje, hata robo saa. Hata kukiwa na mawingu kuna mwanga kuliko sebuleni, hasa theluji ikishatanda. Tuna kadi za vyama vya wafanyakazi na hatufungui mdomo mikutanoni. Hili ni la kusema, na kulisema kwa sauti.

Lakini nao wenyeji sikubali kwamba wamemaliza kila kitu. Dirisha linawaka, mlango umefungwa. Kwetu umeme ukikatika watu wanatoka nje, hadithi zinaanza, watoto wanacheza, hakuna anayebaki peke yake chumbani. Huku giza linamrudisha kila mtu kwake. Turudishe hodi baina yetu: Jumamosi saa tisa, jua likishazama, chai ya tangawizi, maandazi, makelele. Jirani Mswidi naye aalikwe, ila yeye mwambie siku na saa mapema. Wengi huja, na hukaa kuliko walivyopanga.

Wanafunzi wanaofika mwezi wa nane wanaikuta jioni ndefu yenye nuru na hawashuku lolote. Waambieni kabla ya mwezi wa kumi, na wapelekeni kununua taa. Nanyi wazazi mlioko nyumbani, mtoto akikaa kimya Desemba msiseme ametutupa. Mpigieni saa nane mchana ya Tanzania na Kenya. Kwake itakuwa saa sita, jua bado lipo. Muulizeni analala vipi, kisha mwambieni avae koti, aendelee kuzungumza nanyi huku anatembea nje.