Spider-Man watatu, na lawama zinazomwendea asiyehusika

Ukiuliza nani Spider-Man bora, jibu utakalopewa karibu kila mahali ni hili: kati ya waigizaji watatu waliomcheza kwenye sinema, Tobey Maguire ndiye Peter Parker hasa, yule kijana wa kawaida kabla ya kuvaa barakoa, Andrew Garfield ndiye Spider-Man hasa akishavaa barakoa, na Tom Holland ana kiasi cha vyote viwili. Ni mgawanyo mtamu mdomoni. Kasoro yake ni kwamba unawapa waigizaji sifa na lawama za watu ambao hata sura zao hatuzijui. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tulimjua steringi basi. Maandishi ya mwisho yalipoanza kupanda, mwenye kibanda alishabadilisha mkanda, kwa hiyo nani aliandika na nani aliongoza hayakuwa maswali yetu.

Mchukue Maguire kwenye filamu yake ya pili ya Spider-Man, ya mwaka 2004, iliyoongozwa na Sam Raimi. Peter anasambaza piza kwa kipikipiki, anachelewa, anafukuzwa kazi. Mlango wa chumba chake unakwama. Mwenye nyumba anamvizia akidai kodi. Kwa yeyote aliyewahi kunyata kupita dirishani kwa mwenye nyumba mwisho wa mwezi, kijana huyu ameshakuwa ndugu kabla hajarusha utando hata mmoja. Maguire anauvaa uhusika vizuri, simnyimi haki yake: macho yale makubwa, na sauti inayotoka kama ya mtu anayeomba radhi kwa kuwapo. Lakini shida zile ziliandikwa. Na Raimi alikuwa hodari wa kutafuta kisingizio cha kumvua barakoa. Kwenye tukio la treni, pale anapoisimamisha kwa mwili wake na abiria kumpokea akiwa amezimia, kinachotuumiza ni ule uso uliobaki wazi, wa kijana tu. Mwigizaji aliyeachiwa uso wake ana mtaji mkubwa.

Garfield alipokea mzigo mwingine kabisa. Filamu ya nne ya Spider-Man ya Raimi na Maguire ilifutwa mwaka 2010, na mwaka 2012, miaka mitano tu baada ya Maguire kuaga, tukasimuliwa upya yale yale: buibui anang'ata, mjomba Ben anakufa. Watu walinung'unika kwamba kijana mrefu, mtanashati, mwenye skateboard mkononi, hawezi kuwa yule mpweke anayeonewa shuleni. Hoja hiyo ina uzito, nami naikubali nusu. Filamu yake ya pili, ya 2014, ilijaza maadui na siri za marehemu baba hadi hadithi ikakosa pumzi. Februari 2015 kampuni za filamu za Sony na Marvel zikakubaliana kuanza upya na kijana mwingine, na Garfield akaondoka na jina la mtu aliyeshindwa.

Halafu ikaja Desemba 2021, na Spider-Man: No Way Home ikawakutanisha wote watatu. MJ, mpenzi wa Peter wa Holland, anaporomoka kutoka juu, Garfield anajitupa kumfuata, anamdaka, anatua naye, kisha uso wake unavunjika kwa sababu kwenye filamu ya 2014 alichelewa kumdaka mpenzi wake Gwen. Watu wale wale waliomsema wakaanza kudai apewe filamu ya tatu. Je, alikuwa amejifunza kuigiza katika miaka hiyo saba? Alikomaa, bila shaka. Katikati hapo aliteuliwa kuwania Oscar kwa filamu ya vita. Lakini rudi kwenye mnara wa saa wa filamu ile ya 2014, pale anapomkumbatia Gwen asiyepumua. Machozi yale yale, mwigizaji yule yule. Kilichokosekana ni filamu inayostahili kuyabeba.

Hata hivyo, anayesema hadithi ndiyo kila kitu naye amezidisha chumvi. Mazungumzo ya Garfield na Emma Stone, aliyemcheza Gwen, yale ya kukatizana na kumeza maneno, ukiwapa wawili wengine yatachacha. Mwili pia unasema. Kabla ya sinema, Holland alicheza jukwaani London katika Billy Elliot, hadithi ya mtoto anayejifunza dansi, na inaonekana hata anapotua tu ukingoni mwa paa. Na mwangalie Willem Dafoe, anayemcheza adui Green Goblin: mwaka 2002 alifichwa nyuma ya barakoa ngumu ya kijani, ikabidi sauti na mabega vifanye kazi yote. Mwaka 2021 anaipasua barakoa hiyo mapema, na adui yule yule anatisha maradufu kwa meno na macho tu. Hapo simpi mwandishi peke yake sifa.

Kwa Holland lawama inayorudiwa ni kwamba ni kama mtoto wa kulelewa wa Tony Stark, yaani Iron Man: tajiri kamshonea vazi lenye kompyuta inayoongea, shida za maisha hazijui. Ni kweli, ila hilo ni shauri la waandishi. Umri ulimbeba. Alikuwa na miaka 20 filamu yake ya kwanza ya peke yake ilipopigwa, wakati Maguire na Garfield walivaa sare za utoto wakiwa wameshavuka 25. Ndiyo maana katika filamu hiyo, akiwa amefukiwa na kifusi na kuita msaada huku analia, unasikia mtoto kweli.

Ila kazi yake bora, kwa macho yangu, iko dakika za mwisho za No Way Home. Dunia nzima imemsahau. Anaingia mgahawani na karatasi yenye maneno aliyoyaandaa, anaona plasta kwenye paji la uso wa MJ, anayameza yote, ananunua kahawa na kutoka. Kisha anahamia chumba kidogo, mwenye nyumba anamkumbusha kodi ni tarehe moja, naye anaanza kujishonea vazi mwenyewe. Miaka mitano ya Spider-Man huyu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona akidaiwa kodi. Maguire aliandikiwa shida hiyo tangu filamu yake ya pili.