Mizani ya eksirei: tuiamini kiasi gani kupima makundi ya galaksi?

Tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikibeba setilaiti ya kwanza kujengwa kwa ajili ya falaki ya eksirei pekee. Ikaitwa Uhuru. Ndiyo iliyotuonyesha kwamba makundi ya galaksi, kama Coma na Perseus, hutoa eksirei kutoka eneo pana linalozizunguka galaksi zenyewe. Chanzo ni gesi ya nyuzi milioni 10 hadi 100, ambayo uzito wake unazipita nyota zote za kundi mara kadhaa.

Swali la kama eksirei yatosha kupima uzito wa kundi zima linamgusa hata mwanafunzi wa fizikia pale Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi. Data za Chandra na XMM-Newton, darubini za eksirei zilizoko angani, kwa kawaida huwa wazi kwa wote baada ya mwaka mmoja au mapema zaidi, na kompyuta ya kawaida huzichakata.

Wanaoitetea eksirei wana hoja nzito. Mng'ao wa gesi hufuata mraba wa msongamano wake, kwa hiyo ukikosea mng'ao kwa asilimia 20, msongamano hukosewa kwa takriban 10 tu. Umbo la spektra, yaani mgawanyo wa eksirei kwa nishati, hutoa halijoto. Ukichukulia kwamba shinikizo la gesi limesawazishwa na mvuto, unapata uzito wote, pamoja na maada giza isiyotoa mwanga, ambayo ni kama asilimia 85. Mwaka 2016 setilaiti ya Japani, Hitomi, kabla haijapotea, ilikuta gesi ya katikati ya Perseus ikivurugika kwa takriban kilomita 164 kwa sekunde. Shinikizo la msukosuko huo ni kama asilimia 4 tu ya lile la joto.

Lakini hapo ni kitovuni. Sehemu kubwa ya uzito iko pembeni, ambako gesi bado inaanguka kundini na haijatulia. Ukihesabu shinikizo la joto peke yake, uzito unatoka pungufu. Ulinganisho na lenzi za mvuto, yaani jinsi uzito wa kundi unavyopinda mwanga wa galaksi zilizo nyuma yake, mara nyingi huonyesha upungufu wa asilimia 10 hadi 30. Na pembeni huko mraba ule ule wa msongamano unageuka adui: mng'ao unafifia upesi mno. Halijoto nayo ina mgogoro, kwani kwa makundi yenye joto kali Chandra husoma juu kuliko XMM-Newton, na uzito hufuata halijoto sawia.

Setilaiti ya XRISM, iliyorushwa Septemba 2023, inapima mwendo wa gesi kwa usahihi wa aina ya Hitomi. Mlango wa kifaa chake haukufunguka, hivyo eksirei za nishati ya chini ya takriban keV 1.7 (keV ni kipimo cha nishati) hazipiti, lakini mistari ya chuma kwenye spektra, karibu na keV 6.7, inayotumika kupima mwendo huo, inapita. Tatizo kubwa kwangu ni upana wa kuona, dakika 3 tu za tao, kama sehemu ya kumi ya upana wa mwezi mpevu, kwa hiyo kufika pembeni kunadai saa nyingi.

Makosa mengine ni yetu wachakataji. Usipokata vipindi vya mlipuko wa protoni katika data za XMM, mandharinyuma, yaani mawimbi yasiyotoka kwenye kundi, hupanda na halijoto ya pembeni hupanda nayo. Ukisahau kuziba vyanzo vidogo vya nukta, unahesabu mashimo meusi kama gesi. Ukiweka kiasi kisicho sahihi cha hidrojeni ya Njia Nyeupe, galaksi yetu, inayofyonza eksirei, sehemu ya spektra ya nishati ndogo inapinda. Gawanya picha katika pete zenye fotoni (chembe za mwanga) za kutosha, kisha pima mandharinyuma mbali na kundi, badala ya kuikisia.

Kwa maoni yangu, eksirei iaminiwe kikamilifu kwa msongamano wa gesi, na kwa halijoto yake kwa tahadhari. Kwa uzito wote isisimame peke yake. Anza na kundi la Abell 2029, lililotulia. Kisha rudia hesabu ile ile kwenye kundi la Bullet, ambako makundi mawili yamegongana na lenzi za mvuto zimeonyesha uzito mwingi ukiwa umetengana na gesi: hapo dhana ya usawa wa shinikizo na mvuto inavunjika waziwazi.