Nywila za nasibu: ushushe maktaba ya nje au uandike mwenyewe?

Nyumba moja ya wageni Shangani inataka kila mgeni apewe nywila yake ya waifai pale anapokabidhiwa ufunguo. Kijana anayewaandikia programu kwa JavaScript ana njia mbili: kushusha maktaba, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na watu wengine, kutoka npm, ghala la mtandaoni la vifurushi vya JavaScript, au kuandika mistari yake mwenyewe.

Wanaoikataa maktaba wana ushahidi. Machi 2016 kifurushi cha left-pad, chenye mistari 11 tu, kiliondolewa npm na mwenyewe, na miradi chungu nzima ikakwama. Mwaka 2018 mambo yalizidi: kifurushi maarufu cha event-stream kilipachikwa kingine kilichokusudiwa kuiba bitikoini. Na aliyeko Micheweni, anayetegemea bando la simu, hahitaji kuelezwa uchungu wa kushusha mafaili.

Ila wengi wao wakishashinda hoja huandika Math.random, amri ya JavaScript ya kutoa namba za nasibu, na hapo ndipo tunapoachana. Hiyo ni sawa na bao: anayezijua kete zilivyokaa anajua mkono utalala wapi. Katika Chrome hutumika kanuni ya xorshift128+, na mtu akipata namba chache zilizotoka mfululizo anaweza kukokotoa zinazofuata. Kwa waifai ya wageni pengine si hoja, lakini nani asiyejua kuwa kesho mistari ileile itanakiliwa kwenye akaunti za malipo?

Dawa haitoki nje: crypto.getRandomValues, amri ya kutoa namba za nasibu zisizotabirika, imo ndani ya kivinjari chenyewe. Kwa hiyo nusu ya ubishi huu ni kelele tu.

Nusu nyingine ni ya kweli, na hapa wapenda maktaba wana haki. Namba hizo zikichotwa baiti moja moja, kila baiti ina thamani 256, kuanzia 0 hadi 255. Herufi kubwa, ndogo na tarakimu ni 62. Mwandishi mwenye haraka huigawa thamani ya baiti kwa 62, akatumia baki kuchagua herufi. Lakini 62 mara nne ni 248, zinabaki nane, basi herufi nane za mwanzo hupata nafasi tano katika 256 na nyingine nne. Inatakiwa kila thamani ya 248 na kuendelea itupwe, ichotwe nyingine. Kusema kweli, kwa nywila ya herufi 16 kasoro hii peke yake haimpi mwizi nafuu kubwa.

Kisha mapokezi wanalalamika: wageni wanachanganya O na 0, l na 1 na I. Tano hizo zikiondolewa zinabaki 57, na mpaka wa kutupa unashuka hadi 228. Aliyekariri 248 atazipendelea herufi 20 bila kujua, na programu haitamwonesha kosa lolote. Maktaba nzuri huukokotoa mpaka yenyewe. Mimi bado ningeandika mwenyewe, ila mpaka huo ningeuacha utokane na urefu wa orodha ya herufi, nisiuandike kwa mkono.