Makabila Kumi ya Israeli Hayakupotea

Wamasai ni Waisraeli waliopotea, husema watu: wazao wa yale makabila kumi yanayodaiwa kutoweka baada ya Waashuru kuyahamisha. Ukibisha utaambiwa uwatazame tu: wafugaji, wanatahiri, wanamwabudu Mungu mmoja, Enkai. Wengi wanaolirudia dai hili hawajui kwamba aliyeliandika kwa kirefu ni Moritz Merker, afisa wa jeshi la Wajerumani huku kwetu, kwenye kitabu cha mwaka 1904. Na kwa kigezo cha ng'ombe na jando, nusu ya bara hili ni wana wa Yakobo.

Mimi nadhani hakuna wa kutafutwa. Ufalme wa kaskazini, Israeli, ulianguka Samaria ilipotekwa na Waashuru mnamo 722 KK. Mfalme wa Ashuru, Sargon wa Pili, alijisifu katika maandishi yake kwamba alihamisha watu 27,290. Hata ukiongeza wale waliochukuliwa Galilaya miaka kumi hivi kabla, hao si taifa zima. Wakulima wengi walibaki mashambani. Wengine walikimbilia kusini, Yuda, na wanaakiolojia wengi wanaona hiyo ni sababu mojawapo ya Yerusalemu kupanuka mno wakati ule.

Biblia yenyewe inatoa ushahidi, ila watu husoma 2 Wafalme 17, pasemapo Israeli walihamishwa na kubaki Yuda tu, wakaishia hapo. Ukifungua 2 Mambo ya Nyakati 30, utamkuta mfalme Hezekia akipeleka matarishi Efraimu na Manase kuwaalika watu kwenye Pasaka. Wengine waliwacheka matarishi, lakini baadhi ya watu wa Asheri, Manase na Zabuloni walikwenda. Karne nyingi baadaye, Luka anamtaja nabii Ana pale hekaluni, na anasema bila kushangaa kuwa ni wa kabila la Asheri. Wasamaria nao wapo hadi leo kwenye mlima Gerizimu, wachache, hawafiki hata elfu moja, na wanajitambua kuwa wana wa Efraimu na Manase.

Waliopelekwa Ashuru je? Nyaraka za huko zinawataja waendesha magari ya vita kutoka Samaria ndani ya jeshi la Sargon. Gozani, walikopelekwa baadhi yao, nako yameonekana majina yaliyobeba jina la Mungu wa Israeli. Maana yake walipata kazi, wakaoa, wakazaa, na wajukuu wao wakaongea Kiaramu kama majirani. Mambo ya kawaida kabisa kwa wahamiaji, ndiyo maana hayavutii mtu.

Siwabezi wanaoishi ndani ya simulizi hii. Mwaka 1973 rabi mkuu Ovadia Yosef alipoamua kwamba Beta Israel, Wayahudi wa Ethiopia, ni wa kabila la Dani, uamuzi huo uliwafungulia mlango wa Israeli. Mei 1991 zaidi ya 14,000 walisafirishwa kwa ndege katika muda usiofika siku mbili. Walemba wa Zimbabwe na Afrika Kusini, wanaojiona wa asili ya Kiyahudi, nao walipimwa vinasaba, na kweli sehemu kubwa ya ukoo wa kiumeni ina asili ya Mashariki ya Kati. Lakini asili hiyo haisemi lolote kuhusu Samaria.

Kinachonikera ni mantiki ya akina Merker: wakiona kitu cha heshima kwa Mwafrika, lazima kiwe kimetoka nje. Ndugu wa mantiki hiyo, ile nadharia ya Wahami iliyodai kuwa ustaarabu wa Afrika uliletwa na watu wa nje, iliwageuza Watutsi kuwa wageni kutoka Ethiopia. Mwaka 1992 mwanasiasa wa Kihutu Léon Mugesera alisimama jukwaani Rwanda akataka warudishwe huko kwa njia ya mto Nyabarongo, yaani wauawe watupwe mtoni.

Ndiyo maana namheshimu Semei Kakungulu wa Uganda. Mwaka 1919, baada ya kuisoma Torati na kugombana na Waingereza, alitahiriwa akaanza kushika Sabato na watu wake karibu na Mbale. Jamii yake, Abayudaya, ilivumilia marufuku ya Idi Amin na ipo hadi leo. Haidai damu ya Dani wala ya Naftali.